Springi za Mzigo

Juzi nilikuwa narudi nyumbani kutoka Nizwa, na mbele yangu kulikuwa na pikapu moja kuukuu, tupu, nyuma imeinuka juu kupita kiasi. Kila ilipofika kwenye tuta ilirukaruka: inapanda, inapiga chini, inapanda tena. Watoto wangu wakaangua kicheko. Mmoja akajifanya naye anaruka kwenye kiti, mwenzake akamfuata, gari zima likawa makelele. Mimi machozi yakanilenga. Nikapunguza mwendo, pikapu ile ikaenda zake, na binti yangu mkubwa akanitazama akaniuliza, "Mama, mo bish? Una nini?"

Nikamwambia vumbi limeniingia machoni. Vioo vyote vilikuwa vimefungwa na kiyoyozi kinavuma, lakini mtoto ana adabu, akanyamaza. Na hiyo adabu ndiyo iliyonifanya niandike haya. Nina ugomvi nayo wa miaka mingi.

Nyinyi wa rika langu mliokulia Ibra na vijiji vyake mnazikumbuka pikapu za baba zetu. Ya kwetu ilikuwa nyeupe iliyokuwa inaelekea kuwa rangi ya udongo. Baba alikuwa mtumishi wa ofisi siku za kazi, kanzu imepigwa pasi, kofia imekaa sawa. Alhamisi ikifika, ofisi zimefungwa, anavaa kikoi na fulana, anapakia magunia sokoni na kupeleka bidhaa milimani, upande wa Dima wa Tayyin, kwenye kijiduka cha mtu anayeitwa Hilali. Mchele, unga, sukari, chakula cha mifugo, mitungi ya gesi. Ndiyo iliyokuwa riziki yetu ya pili, na ndiyo ilikuwa matembezi yetu.

Mbele alikaa Baba na Mama, na mdogo wangu wa kunyonya. Bibi, mama yake Baba, ndiye aliyepitisha sheria hiyo: mwenye mtoto mchanga akae mbele asipigwe jua na vumbi. Yeye na mimi tulikaa nyuma, juu ya magunia, tumetandika godoro jembamba na kuegemea kibanda cha dereva. Mama kila safari alimwomba wabadilishane, na kila safari Bibi alimjibu, "Mimi nimetoka Tabora mpaka pwani juu ya lori la pamba, leo nitishwe na kigari cha Seif?"

Seif ni Baba.

Gari lenyewe lilikuwa limekaa chini kwa nyuma, hata likiwa tupu. Mimi nilidhani magari ni kama watu, yakizeeka yanachuchumaa. Jirani zetu walikuwa na dhihaka zao. Likipita barazani kwao wanamwita Baba, "Seif, gari lako limeshakaa, tulitilie kahawa?" Baba alicheka nao, lakini nilimwona masikio yakimwiva. Alikuwa mtu wa kuona haya upesi, na kwa jambo linalomhusu mama yake aliona haya mara mbili.

Niwaambie sasa Bibi alikuwa anakwenda kumwona nani huko juu. Alikuwa Bi Thureya, mama yake Hilali, shoga yake wa Tabora. Nyumba zao huko zilipakana uani, na Bibi alituhadithia jinsi walivyopitishiana makaa ya moto na sahani za futari kwenye pengo la ua mpaka pengo likawa mlango. Watu waliporudi Omani, kila mmoja alikwenda kwa watu wa mume wake. Bibi akaangukia Ibra, ambako ukitupa jiwe sokoni linampata mtu anayejua Kiswahili. Bi Thureya akapelekwa milimani, kijiji cha nyumba chache, mitende na mbuzi, na hakuna hata mmoja aliyejua lugha yake. Mumewe alifariki mapema. Hilali na dada yake walikuja wachanga, wakakua Waarabu watupu. Wakwe zake walimpenda, sisemi uongo, lakini walimpenda kwa Kiarabu.

Kwa hiyo Alhamisi ndiyo ilikuwa siku ya Bi Thureya ya kusema. Tukifika anatusubiri mlangoni, mwembamba, mrefu, meno mawili ya dhahabu. Mimi ninamwambia, "Shikamoo Bi Thureya," naye anafumba macho kwanza kabla hajaitikia, "Marahabaa mwanangu, marahaba." Wajukuu zake walimbusu kichwani kama desturi ya kule. Shikamoo aliipata kwangu tu. Kisha yeye na Bibi wanaingia chumba cha ndani na kufunga mlango, kwa sababu walikuwa wanapika ugali kwenye jiko dogo la mafuta, na wakwe walisema hicho ni chakula cha ng'ombe. Nilikuwa ninaruhusiwa kuingia. Wanasonga, wanakula kwa mkono, wanawasema watu waliokufa zamani kana kwamba watapita dirishani sasa hivi. Bibi nyumbani alikuwa mtu wa maneno machache. Mle ndani alicheka mpaka anajifuta machozi kwa ncha ya kanga.

Alasiri tunateremka, gari tupu, na Bibi njia nzima anaimba kwa sauti ya puani. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na mimi nilidhani ndivyo itakavyokuwa siku zote.

Springi zilikatika njiani, tukiwa tunapanda na mzigo. Baba siku ile alikuwa amepakia chakula cha mifugo zaidi ya kawaida, maana sikukuu ilikuwa karibu. Kwenye mpando wa mawe, baada ya mto mkavu, tukasikia mlio kama wa mlango wa chuma unaopigwa, gari likalala upande mmoja na tairi likaanza kusugua bodi. Baba akashuka, akachungulia, akashika kiuno. Vile vyuma virefu vilivyopinda, vinavyopangwa kimoja juu ya kingine kubeba nyuma ya gari, vilikuwa vimelala bapa siku nyingi, na sasa kile kikubwa cha juu kilikuwa vipande viwili.

Tulikaa pale jua la utosi. Kivuli hakuna, ila kivuli cha gari lenyewe, na wanaume waliokuwa wanapita walitukuta Bibi yangu amesimama pembeni ya njia, buibui limejaa vumbi, amejishikilia kwenye tairi. Walisimama, wakasaidia, wakapakia magunia yetu kwenye gari lao, wakatufikisha. Watu wema. Lakini mmoja wao alimwambia Baba, si kwa ubaya, "Mama mtu mzima, unampandisha kwenye gari bovu?" Baba alinyanyua gunia jingine. Kwa watu wetu, kumsimamisha mama yako njiani juani mbele ya wanaume wageni ni jambo ambalo halisahauliki, hata likiwa halina mkosaji.

Gari likavutwa mpaka Ibra, sanaiya, kule mtaa wa gereji, na Jumamosi baada ya kazi Baba akanichukua kwenda kulitazama. Fundi wake alikuwa Akbar, Mpakistani mwenye ndevu za hina, aliyezungumza na Baba Kiarabu chao cha gereji ambacho mimi mtoto nilikielewa vizuri kuliko Kiarabu cha shuleni. Gari lilikuwa limeinuliwa kwa jeki na kukalishwa juu ya magogo, matairi ya nyuma yametolewa. Pananukia mafuta ya taa na grisi. Akbar alikuwa anazimwagia nati mafuta ya taa ili zilegee, kisha anatia spana na bomba refu, analala na uzito wake wote mpaka nati inalia. Majani ya springi, ndivyo walivyoviita vile vyuma, yalipodondoka, moja baada ya jingine, yakalia sakafuni, nilishangaa. Nilidhani ndani ya gari kuna vitu vya ajabu. Kumbe gari zima, na Bibi juu yake, lilikuwa limekaa juu ya vyuma vilivyopinda tu.

Akbar akaleta seti mbili mpya akaziweka chini. Moja ilikuwa na majani membamba, kama zile za zamani kabla hazijachoka. Nyingine ilikuwa nene, majani mengi, imepinda sana, nyeusi, inang'aa kwa rangi. Akasema, "Hii laini. Hii ngumu, ya mzigo. Wewe unataka ipi?"

Baba hakufikiri hata kidogo. "Ngumu. Nataka ambayo haitakatika mpaka nife."

"Bila mzigo itaruka, ha."

"Iruke. Mama yangu hasimami njiani tena."

Mimi nilijivuna. Nilisimama na mikono nyuma kama mwenye gari. Siku gari lilipotoka, nyuma ilikuwa imeinuka juu kuliko mbele, na mtaa mzima ukatoka kulitazama. Wale wa dhihaka wakakosa la kusema, kisha wakalipata: "Seif, sasa linataka kusujudu!" Lakini walisema kwa heshima. Baba alilisimamisha mlangoni, akamtoa Bibi nje kwa mkono, akamwonyesha, akainama mwenyewe na kumwelekeza kwa kidole kule chini.

"Hizi nimekuwekea wewe, Mama. Wallahi kwa ajili yako. Hata tukipakia jabali, husimami tena njiani."

Bibi akaweka kiganja kwenye bodi ya gari, akasema, "Mungu akuweke, mwanangu. Umenisitiri." Na akamwombea dua ndefu palepale, Baba ameinamisha kichwa.

Nimelieleza hili kwa kirefu kwa sababu ndilo lililomfunga mdomo. Baada ya maneno kama hayo, mbele ya mtaa mzima, mama wa kizazi chake hawezi kugeuka na kusema zawadi inaniumiza. Hajui pa kuanzia.

Alhamisi iliyofuata tulipanda na mzigo kamili, na wallahi gari lilikwenda vizuri. Springi zile zilikuwa zimetengenezwa kwa magunia, na magunia zilikuwa nayo. Kwenye ule mpando wa mawe tulipita kama tunapita sebuleni. Bibi akanipiga begani, "Umeona baba yako?" Tukafika, nikatoa shikamoo yangu, mlango wa ndani ukafungwa, ugali ukasongwa, na walicheka siku ile mpaka Hilali akabisha hodi kuuliza kama kuna salama.

Tukateremka tupu. Magunia yote yamebaki dukani, nyuma tuko mimi, Bibi, godoro na kifuko cha ndimu. Na hapo ndipo nilipogundua kwamba gari letu jipya linajua kucheza. Kila jiwe lilitutupa juu. Hakukuwa na uzito wa kuzifanya zile springi zilegee, kwa hiyo zilikuwa ngumu kama ukuta, na kile kilichopiga tairi chini kilitufikia sisi juu bila kupungua. Nilikuwa mtoto mwepesi, mifupa ya mpira. Nilipiga kelele za furaha. Tulipoingia kwenye mto mkavu Baba alikuwa anakwenda mbio kidogo, kuna shimo, gari likaruka lote kwa nyuma na sisi tukaruka nalo, tukatua. Mimi nikacheka mpaka nikakosa pumzi.

Bibi hakucheka. Alitoa sauti fupi tu, kama mtu aliyekumbuka kitu, na akanishika mkono. Nilipomtazama, machozi yalikuwa yanamtiririka, na midomo ameibana. Hakuimba njia nzima. Tulipofika nyumbani hakushuka mpaka Baba alipokuja kumpa mkono, na alishuka polepole sana, kisha akasema amechoka, akaingia chumbani bila kula.

Usiku nilimsikia Mama anamuuliza Baba, "Kuna nini?" na Baba akasema kwa sauti ya chini, "Nadhani kuna maneno yamepita kati yake na Bi Thureya."

Nami ndivyo nilivyoamini. Mtu anapanda anacheka, anateremka analia. Huko juu kuna nini ila shoga yake? Akili ya mtoto ilifanya hesabu hiyo, na akili ya mtu mzima aliyenizaa ilifanya hesabu ileile.

Alhamisi iliyofuata Bibi akasema hajisikii. Iliyofuata akasema kuna mgeni anamtarajia. Baadaye akaacha hata kutoa sababu. "Nendeni nyinyi. Milima imenichosha." Alifunga kifurushi cha unga wa mahindi, kopo la tui, safari nyingine kanga mpya, akanikabidhi. "Mpe Thureya. Mwambie nitakuja, inshallah."

Hakukuwa na njia nyingine ya yeye kupanda. Magari yaliyokwenda huko yalikuwa ya wanaume wasio jamaa zetu, na simu za mkononi hazikuwa zimefika milimani kwao. Gari la Baba ndilo lilikuwa daraja, na Bibi alikuwa amelikimbia bila ya kusema kwamba amelikimbia. Kuomba kiti cha mbele, baada ya kukikataa kila safari, kungemfanya Baba aulize sababu.

Katika siku zile ndipo alipoanza kuinama. Alikuwa anatembea anatazama chini, mkono mmoja nyuma ya kiuno, na mimi nilidhani anatafuta kitu kilichodondoka. Mara kadhaa nilimuuliza, "Bibi, umepoteza nini? Nikutafutie?" Alinijibu, "Umri, habibti. Ukiuona niletee."

Mimi niliendelea kupanda na Baba, nimepandishwa cheo, nakaa mbele kwa sababu Mama naye aliacha kwenda. Kila tulipofika, Bi Thureya alikuwa mlangoni. Kwanza alitazama nyuma ya gari, juu ya magunia. Kisha anatutazama sisi. Miezi ya mwanzo aliuliza kwa mzaha, "Yuko wapi yule mvivu?" Baadaye akaacha mzaha. Siku moja, Baba akiwa anashusha magunia, alimsogelea akashika pembe ya gunia lililokuwa begani kwake kama anataka kumsaidia.

"Seif, mwanangu, niambie kweli. Muza kanisusa? Nimemkosea nini?"

Muza ni Bibi.

Baba alilishusha gunia kwanza. "La, Bi Thureya. Ana shughuli tu. Anakusalimu sana."

"Kama nimetamka neno, mwambie anisamehe. Mimi mdomo wangu huu haujui kufungwa nikimwona."

"Inshallah nitamwambia."

Hakumwambia. Njiani nilimuuliza, akanijibu kwa upole kwamba wakubwa wakikosana, mdogo hachukui maneno huku akapeleka kule, maana neno likibebwa linaongezeka njiani. Atawaacha wapoe wenyewe. Alikuwa na hakika anafanya jambo la heshima. Tulipofika nyumbani alimwambia Bibi, "Bi Thureya anakusalimu sana," kama alivyokuwa amemwambia yule wa juu. Bibi akaitikia, "Na yeye asalimike," akauliza kama meno yake ya dhahabu bado yapo, akarudi kuchambua mchele.

Salamu zilikwenda na kurudi namna hiyo, Alhamisi baada ya Alhamisi, mwaka baada ya mwaka. Unga ulipanda, samli na ndimu zikateremka. Hakuna aliyekuwa na kinyongo na mwenzake katika watu wote hawa. Ndilo linalonikera hadi leo. Ugomvi wa kweli ungekwisha, kwa sababu watu wangekaa wakatukanana wakalia wakapatana. Huu haukuwepo, basi ukakosa pa kumalizikia.

Hilali aliteremka mwenyewe asubuhi moja, si siku ya soko, akasimama mlangoni na kilemba mkononi. Kabla hajasema, Bibi alikuwa ameshajua.

Siku ile alikwenda. Mjomba wangu, aliyekuwa amekuja kutoka mbali siku zile, alikuwa na gari kubwa la kifahari, viti laini, akampakia mbele na kumfunga mkanda. Tulipofika maziko yalikuwa yamepita, kama kawaida ya kule, hawakawizi. Wanawake wamejaa ndani, kahawa inazunguka. Binti yake Bi Thureya, dada yake Hilali, alimkalisha Bibi karibu naye, na akamweleza kwa Kiarabu, bila ya lawama, alikuwa anaeleza tu kama mfiwa anavyoeleza. Kwamba siku za mwisho mama aliacha Kiarabu. Kikamtoka chote. Akawa anasema Kiswahili peke yake, anasema sana, anauliza, anasubiri ajibiwe, na wao wamemzunguka hawajui anataka maji au anataka dua. "Khala, mama mdogo, tulilolijua ni jina lako tu. Muza, Muza. Tukamwambia unakuja. Kaka Hilali akasema tusimsumbue Seif, kwa kuwa alijua wewe na mama hamzungumzi. Mama mwenyewe alituambia zamani kwamba alikukosea, lakini hajui kwa lipi."

Bibi aliyasikia yote hayo akiwa ameshika kikombe cha kahawa. Hakukitia mdomoni na hakukiweka chini.

Nyumbani, jioni, alimwita Baba.

"Thureya aliwahi kukuuliza kama amenikosea?"

Baba akakaa chini kwanza. "Aliuliza, Mama."

"Na wewe?"

"Nilinyamaza. Nilijua mmegombana, sikutaka kuingia kati."

"Nani kagombana?" Sauti ya Bibi ilikatika. "Nigombane na Thureya kwa lipi, Seif? Kwa lipi?"

"Basi kwa nini uliacha kwenda?"

Ilikuwa zamu yake aseme. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni, na naukumbuka uso wake. Alimtazama mwanawe, aliyekuwa ameanza kuota mvi, amekaa chini mbele yake kama mtoto wa chuoni, na nadhani aliona lile neno litamfanya nini. Akatazama pembeni.

"Nilichoka tu," akasema. "Khalas. Nilichoka."

Alichukua kosa lote akajitwika yeye. Nilikuwa bado sijajua, na Baba hakujua, na Bibi angekufa nalo kama kifua kisingemsumbua majira ya baridi ya mwaka uliofuata.

Daktari alikuwa Msudani, mpole, mwenye miwani. Alimpiga Bibi picha ya kifua, akaja na picha, akaiweka kwenye taa. Kifua hakikuwa na neno kubwa. Lakini kidole chake kikateremka kwenye uti wa mgongo, kikasimama.

"Mama huyu alivunjika hapa. Zamani kidogo. Mfupa umejikunja ukashikana vibaya, ndiyo maana ameinama. Alianguka lini?"

Baba akasema hakuanguka. Akamgeukia Bibi kumuuliza kwa Kiswahili, na Bibi akasema hakuanguka.

"Basi alitupwa, au alitikiswa kwa nguvu," daktari akasema. "Mfupa huu haukujivunja wenyewe. Alikuwa na maumivu makali, haiwezekani asiwe nayo."

Bibi akasema kwa Kiswahili, taratibu, akijua daktari hamwelewi, akimtazama Baba kifuani badala ya usoni.

"Siku ile ya springi mpya. Tulipokuwa tunarudi, kwenye mto. Gari liliporuka nilisikia kitu kimesema ka! hapa nyuma. Nikadhani nitapona."

Baba hakuelewa mara moja. Niliona inamwingia kidogo kidogo, kwanza kwenye macho, kisha mabega.

"Mbona hukuniambia, Mama?"

"Ningekwambiaje? Ulikuja nazo kwa furaha vile. Ungezitoa."

"Ningezitoa!" Baba alisema, na daktari akageuka kutazama ukuta. "Ningezitoa siku ileile. Zilikuwa vyuma tu."

Kesho yake hakwenda kazini, kitu ambacho sikuwahi kumwona akikifanya. Alikwenda sanaiya, na mimi nikamfuata bila ya kuitwa, mwanamwali sasa, shela kichwani, nikakaa ndani ya gari na kioo kimeshushwa. Akbar alidhani hakumsikia vizuri. Watu wanakuja kuongeza majani, alisema, hakuna anayekuja kupunguza. Springi hizi bado nzima, zitamzika. Baba akamwambia azitoe zote, amtilie zile laini. Akbar akamtazama, akaacha kubishana, akaita jeki. Baba alisimama pembeni muda wote nati zinapolia, na majani yalipodondoka alikuwa anashtuka kwa kila moja.

Tulirudi adhuhuri. Gari lilikuwa limekaa chini tena, si sana, kama mtu aliyetulia. Baba alitoa godoro ndani akalitandika nyuma mwenyewe, akalipangusa kwa mkono, akaongeza mto. Kisha akaenda kumtoa Bibi chumbani, wakaja wameshikana mpaka mlangoni.

"Mama, nimezitoa. Gari limelainika. Haya twende."

Bibi aliliangalia gari, akaliangalia godoro.

"Twende kwa nani, Seif?"

Baba alikuwa bado ameshika mkono wake, na kiganja kingine amekiweka juu ya bodi, na alisimama hivyo mpaka nikatamani mtu yeyote apite njiani aseme chochote.

Bibi ndiye aliyemwonea huruma. "Haya, nipandishe," akasema. Tukampandisha, mimi nikakaa ubavuni pake kama zamani, nimeshakuwa mrefu kumpita. Baba aliendesha polepole kuliko anayebeba mayai. Tulipita sokoni, tukapita ngome, tukaichukua njia ya Dima, lami ikawa inakwenda mpaka pale ilipokuwa inakwisha siku zile na mawe yanaanza. Hapo Baba akasimama. Injini inanguruma, milima iko mbele, naye hatazami nyuma.

"Laini, mwanangu," Bibi alimwambia kupitia kile kidirisha cha nyuma. "Laini kabisa, Mungu akuweke. Sasa geuza."